Matabishi ya Nyumba ya Bel-Air

Miye niko mama wa bunga, ule unga wa mahindi. Naendaka kuinunua ku Mokambo, naiuza ku soko, napima na meka, ile sahani yetu ya kupimia. Hakuna mutu ananunua kwangu bila kusema, "Mama, ongeza matabishi!" Basi unachota kiganja kimoja, unamwanga juu, anaenda na furaha. Haiko kosa. Hata miye nikinunua samaki, naombaka. Ulimi umezoea. Na ni ule ulimi njo uliniharibia roho.

Nyumba ya Bel-Air tuliinunua kwa mama mumoja mujane, bwana yake alitumika kazi ku reli mupaka kufa. Miye na bwana yangu tulikusanya bei ya nyumba, bei tu. Tukalipa mbele ya bashahidi, tukapeana mikono, tukarudi tunaimba njia muzima. Bajinga! Kesho yake komisyonere aliyetuonyesha nyumba akaja kudai yake. Bashahidi nabo banataka ya kinywaji. Kugeuza jina mu karatasi ya kiwanja, kila muhuri na bei yake. Na deni ya courant, ule umeme, ilikuwa inatungojea ku mita, kimya kama nyoka. Bwana yangu akakaa chini, akasema, "Bibi, tulihesabu nyumba, tukasahau kuhesabu kununua." Nikamukaripia, juu alisema kweli.

Sasa nyuma ya nyumba kulikuwa tole mupya, mabati ya kuezekea, zimefungwa na kamba. Yule mama alizinunua moja moja, za kanyumba alikuwa anajenga upande wa Luano. Zilikuwa zake, haziko mu bei. Siku moja alikuja na mutu wa pusipusi, kale kagari ka kusukuma, kuzibeba.

Nikasimama mu mulango, mutoto mugongoni. Nikamwambia, "Mama, makaratasi inatumaliza. Utuachie hizi tole, ikuwe matabishi yetu."

Nilisema nacheka. Ku soko mutu akiombwa sana anakutukana kidogo, munacheka, inaisha. Nilikuwa nangojea anitukane. Aa, hapana, naongopa! Nilijua hatanitukana. Nilijua ni mutu wa haya, na majirani banasikiliza, na njo maana nilisema kwa nguvu.

Akatazama mutoto, akatazama tole. "Twala, uchukue, mwana yangu," akasema. "Mutu wa soko haachaki matabishi." Kisha akafungua kitambaa chake, akalipa mutu wa pusipusi, hata kama hakubeba kitu. Miye nilikuwa pale. Sikutoa hata franka.

Tukauza zile tole, jina letu likaingia mu karatasi. Na nililala muzuri. Hiyo njo inaniuma kupita yote, nililala muzuri mu ile nyumba. Ee Mungu wangu, mutu anaweza kuwa mubaya na asijue, anahesabu tu vyumba vyake.

Mvula ya kwanza ya mwaka ilimukuta yule mama ku meza yangu ya soko. Nguo yake ilikuwa imelowa mupaka ku mabega. Alitaka meka moja ya bunga. Nikajaza, nikaongeza kiganja, nikaongeza kingine, na kingine, bunga inamwangika ku meza. Akanishika mukono.

"Acha, mwana yangu, utapata hasara. Kama unataka kunipa matabishi, unipe zile saki tupu."

Nyuma yangu kulikuwa saki za plastiki, bunga yake iliisha kuuzwa. Nikauliza kama mupumbafu, "Za kufanya nini, Mama?"

"Nizishone pamoja, nitie juu ya nyumba."

Nikamupa zote. Akazikunja, akazifunga mu kitenge, akanishukuru na mikono mbili, mbele ya bantu bote. Miye, siku ya tole, sikumushukuru.