Siku Mawese Yalipomwagika kwenye Barabara ya Kaskazini

Ninyi wajukuu wangu, na wenzenu wa kanisani mnaoniuliza kwa nini Koko, yaani mimi bibi yenu, hapokei mfuko wa mtu akisafiri, kaeni msome, maana nimechoka kuulizwa, na nimechoka zaidi kuwasikia mkisimuliana jambo hili jikoni kwangu huku mnacheka, mkisimulia nusu tu, ile nusu ya mawese na polisi. Nitaandika yote. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona sentensi haifiki mwisho mjue bado sijamaliza kusema. Aibu ni yangu, hakuna aliyenisukuma, na hata leo nikipita Upplands Väsby kwa treni ya kwenda uwanja wa ndege naangalia magoti yangu mpaka kituo kipite.

Mzee wangu, babu yenu, alikuwa anakufa. Naanza hapo kwa sababu ninyi mnaanza na mawese. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo, hakuweza tena kukaa kwenye kiti kama watu, alilala au alisimama kidogo akishika ukuta, na daktari alisema kama kuna mahali anataka kwenda aende kiangazi hiki, asingoje kingine. Alikuwa na mahali pamoja tu. Mnajua kwamba kabla ya dada yenu Neema kuzaliwa, kabla ya ninyi wote, baba yenu Bahati alikuwa na dada, Riziki, na kwamba alikufa kule kaskazini mwa Uswidi walikotupokea kwanza tulipotoka Kongo, baridi ya kwanza kabisa, kwa kifua. Ardhi ilikuwa imeganda kama sementi, wakaweka jeneza mpaka theluji iyeyuke (ndiyo, kule wanasubiri, msinitolee macho), na ilipoyeyuka mzee alikuwa ameshapata kibarua cha kusafisha mabasi huku Stockholm na aliogopa kuomba ruhusa, akifikiri wakimjua ana shida watampa mwingine kazi. Tukazika mimi na Bahati. Mzee hakuliona kaburi la mtoto wake. Kila mwaka tulisema mwaka ujao, na miaka ikaenda namna hiyo, mpaka mgongo ukamlaza.

Sasa mtu asiyeweza kukaa utampeleka vipi mbali namna ile? Treni alikataa, hakutaka wageni wamwone akibadilishwa nguo. Ndipo Bahati akaja na habari ya gari-nyumba, lile Waswidi wanaloita husbil, gari lenye kitanda na choo na jiko ndani yake. Alikuwa nalo Mkenya mmoja wa Upplands Väsby, tulimwita Baba Wanjiru, mume wa Mswidi, mtu mpole mwenye maneno machache, akasema lichukueni, mzee aende akamwone mtoto. Ila gari kubwa vile lisingeweza kupanda kile kinjia cha makaburini, mimi nakijua, ni kokoto na miti, kwa hiyo wakakubaliana lile kubwa livute trela, na juu ya trela lipande gari dogo la Bahati, tukifika tulishushe, tumlaze mzee kiti cha nyuma, tumpandishe taratibu hadi penyewe.

Waliliandaa wiki nzima na zaidi kwenye uwanja wa kuegesha magari chini ya nyumba zetu za Hallunda, kusini mwa Stockholm. Nilikuwa nawatazama toka dirishani na mara nyingine nilishuka na chai. Walipima upepo wa magurudumu yote, wakajaza tangi la maji, wakabadilisha mtungi wa gesi, wakajaribu taa za trela moja moja, Bahati nyuma anapiga kelele "imewaka", na kile kitanda walikitoa wakatengeneza benchi refu lenye godoro na mikanda ili mzee alale akiwa amefungwa. Baba Wanjiru alimwonyesha Bahati jinsi ya kusogeza gari dogo juu ya trela, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka aridhike. Nilikuwa hapo na birika mkononi aliposema.

"Uzito ukae mbele, Bahati. Hii trela mkia yake ikiwa nzito, ukifika speed inaanza kucheza, na ikianza kucheza huwezi kuishika. Usiweke kitu kwa boot ya hii gari. Hata jaketi."

"Umesikia, mama?" Bahati akaniambia, kwa sababu ananijua.

"Nina masikio," nikasema.

Na nilikuwa nayo, hilo ndilo baya.

Siku ya pili yake akaja Mama Furaha, jirani wa ghorofa ya tatu. Binti yake alikuwa ameolewa kule kaskazini na alikuwa amejifungua. Akasimama mlangoni na dumu la mawese, amelifunga kitenge kama mtoto.

"Mama Bahati, ni kadumu kamoja tu. Kule hawana duka la kwetu. Mzazi ale nini, viazi?"

Ninyi mmekulia huku, mnasema hapana kama mnasema habari ya asubuhi. Sisi mtu akisikia unakwenda waliko watu wake, mzigo wake ni haki yake, na ukikataa anaondoka kimya, halafu Jumapili unaona migongo. Nami nilikuwa mkubwa wa kina mama kanisani. Mkubwa wa kina mama amkatalie mzazi mawese? Nikapokea. Nikasema moyoni, dumu moja, trela haitajua.

Lakini kinachopokelewa kwa Mama Furaha hakikataliwi kwa mwingine. Kufika Ijumaa varanda yangu ilikuwa imejaa unga wa muhogo, ndagala wale dagaa wa kwetu, makayabo ya samaki wa chumvi, magunia ya maharage, madumu mengine ya mawese, na sufuria moja kubwa ya harusi ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Kwenye gari-nyumba Bahati alikuwa amepanga kila kitu na aliona kila kitu. Ila ufunguo wa pili wa gari dogo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wa mlango wangu. Alfajiri ya Jumamosi, wote wamelala, nilishuka na kupanda kwa lifti nikisukuma kile kikapu cha magurudumu cha kuendea dukani, nikapanda kwenye trela kwa magoti (mwanamke wa umri wangu, na kilemba kichwani), nikajaza buti mpaka ikabidi niukalie mfuniko ndipo ufunge.

Ndipo wakaja kanisa zima kutuombea. Walilizunguka gari, wakaweka mikono kwenye bati, kwenye vioo, mchungaji akaombea breki, akaombea usukani, akaombea magurudumu, sidhani alisahau hata kifuta mvua. Waswidi wa ghorofa za juu wakatoka kwenye varanda zao kutazama. Mzee alikuwa ameshalazwa kwenye benchi, amevaa koti lake la suti juu ya pijama, anasalimia watu kupitia dirishani kwa vidole viwili. Katikati ya maombi, nikamwona Bahati amefungua macho. Anatazama trela. Akaja polepole mpaka sikioni kwangu.

"Mama, mbona hii gari imekaa chini nyuma? Umeweka kitu?"

Wale mama wote walikuwa wananitazama. Kila mmoja alikuwa na mfuko wake mle ndani na kila mmoja alijua.

"Ni uwanja wenyewe umeinama," nikasema. "Acha kumkatiza mchungaji."

Akaniamini. Mwanangu, mtu mzima, fundi, akaniamini mimi kuliko macho yake, kwa sababu ndivyo nilivyomlea.

Tukaondoka, na kanisa likatusindikiza, magari ya watu wetu yamefuatana nyuma, taa zinawaka zinazima, wanaimba madirisha wazi. Tulipita mji mzima hivyo, taratibu, hakuna baya. Mimi nilikaa karibu na mzee, na Neema kwenye kiti cha pili na mwanasesere wake. Mzee alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mgongo uanze. Akaniuliza, "Mama Bahati, udongo wa pale ni mweusi au mwekundu?" Nikamwambia mweusi, na mawe madogo. Akasema, "Nilikuwa nauona mwekundu." Akafumba macho, akalala.

Baada ya mji barabara inafunguka, na ilikuwa siku zile Waswidi wote wanakwenda likizo, magari yamejaa njia zote. Bahati akaongeza mwendo kufuatana na wenzake. Nikasikia sakafu inatikisika chini ya miguu, kidogo, kama mtu anayetikisa kitanda ili uamke. Halafu ikawa kushoto, kulia, kushoto. Vikombe vikatoka kabatini. Bahati akasema neno moja la Kifaransa ambalo sikuwa nimemfundisha, akakanyaga breki, na gari-nyumba likavutwa nyuma kwa mkia kama mbuzi anayevutwa na kamba, likazunguka nusu, na trela ikalala kwa ubavu na gari dogo juu yake, na buti ikafunguka.

Sasa hapa ndipo ninyi mnapochekea. Madumu yalipasuka yote. Mawese yakatiririka barabarani upana wa njia mbili, mekundu, jua la saa za mchana linayapiga, na ndani yake viatu vya Bahati vilivyomvuka akikimbilia trela, na unga na samaki. Magari nyuma yetu yalisimama. Watu walitoka, wakaona, wakashika vinywa. Mwanamke mmoja aliwafunika watoto wake macho. Mwingine alitapika kwenye majani. Nilishuka, nguo yangu ya kitenge imeloa mpaka magotini kwa mafuta yale, mikono mekundu, na polisi walipofika mmoja wao, msichana mdogo, akanikimbilia, akanishika mabega, akaniuliza kama hiyo ni damu. Neno blod nalijua, kila mtu aliyefika hospitali analijua.

"Nej," nikasema. "Mat. Mat."

Hapana, chakula, chakula, kama mtoto anayeomba. Akanitazama mimi, akatazama barabara, akarudia neno langu kwa wenzake, na sura yake ikabadilika. Hakukasirika. Heri angekasirika.

Kina mama walikuwa wameshafika, magari yao yalikuwa nyuma yetu tu. Mnadhani walikimbilia wapi? Mama Furaha alisimama katikati ya barabara kuu akauliza, "Dumu langu ni lipi?" Mwingine akaanza kuokota makayabo akiyafuta kwa kitenge. Na mimi, mkubwa wao, niliinama nikaokota. Hilo Neema hakuwaambia, na namshukuru, lakini mimi nasema. Nilikuwa nimekusanya ndagala za watu kwenye upindo wa nguo yangu, najiambia angalau hizi zisipotee, nitawaambia nini wenyewe, na watu wa zima moto wananipigia kelele nitoke, Waswidi wanapiga picha kwa visimu vyao vya kubonyeza, nami naokota.

Neema akaja akanivuta mkono. Alisema Kiswidi, alikuwa anajibu Kiswidi siku zote, lakini alisema polepole.

"Farmor. Farfar gråter."

Bibi, babu analia.

Mkanda wa kifua ulikuwa umemshika, wa miguu haukumshika. Mguu ulianguka nje ya benchi ukapiga ukingo wa jiko, na mfupa ule uliokwisha kuliwa ukavunjika juu, karibu na nyonga. Alikuwa ameniita. Bahati alikuwa kule nyuma anaweka alama za barabarani akilia kama mtoto, na mimi nilikuwa naokota samaki. Nikapanda, nikapiga magoti, samaki wakamwagika toka nguoni kwangu sakafuni, na mzee akanitazama kwa macho ya usingizi na maumivu, akaniuliza.

"Tumefika?"

Nikamwambia bado.

Ambulansi ilimrudisha kusini, njia ile ile tuliyokuja. Walimfanyia upasuaji lakini hakushuka tena kitandani. Baba Wanjiru alikuja kulichukua gari lake lililopinda, akaona buti, akaona mafuta, akasema "Pole sana, mama," na kwake mimi sijawahi kurudi. Siku moja, kwenye ngazi za hospitali, bila kunitazama, Bahati akasema, "Mama, ulisema uwanja umeinama." Nikasema ndiyo, nilisema. Hatujalizungumza tena, na halijaisha.

Kina mama nao walizunguka wakidai trela ilikuwa mbovu. Niliwaacha waseme Jumapili mbili, kisha nikasimama kanisani nikasema trela ilikuwa nzima, mzigo ulikuwa wenu na ufunguo ulikuwa wangu, nikavua ukubwa wa kina mama pale pale. Hakuna aliyenizuia.

Mzee alikufa kabla majani hayajaanguka. Wazee wa kanisa walikuja nyumbani, wakakaa kwenye viti vyangu, wakasema azikwe huku huku kusini, ili watu wote wapate kufika, kaskazini ni mbali, na matayarisho yatakuwa mengi. Waliongea vizuri. Niliwaacha wamalize chai yao. Halafu nikaita nyumba yangu yote, Bahati na mke wake na Neema, nikawasimamisha mbele ya wale wazee, nikawaambia:

"Baba yenu atalala kando ya Riziki. Bahati, utakaa mbele na dereva wa gari la maiti, na sisi tutapanda treni. Kila mtu aende na nguo alizovaa na mikono yake. Kuanzia sasa mlango huu umefungwa, na mtu akibisha hodi na mfuko, hata awe ameshika chumvi, msimfungulie."