Sahihi Nyuma ya Tiketi

Sijui muuza tiketi za bahati nasibu mwingine aliyewafukuza wateja kama Ednah Gatakaa. Ukifika kwenye kibanda chake pale Nchiru, karibu na chuo, ukamwambia unataka tiketi tano, atakuuzia mbili na kukuuliza kama umekula. Alifundisha hesabu shule ya msingi miaka ishirini na tisa, na alipostaafu ualimu haukumtoka, ulihamia tu kibandani pamoja naye. Hata wanafunzi wa chuo, ambao hawamwogopi mtu, walimwita Mwalimu na kusimama wima wakizungumza naye.

Mchezo wenyewe aliueleza kila siku, uulize usiulize. Unachagua nambari sita, kuanzia moja hadi arobaini na tano. Jumamosi jioni mipira arobaini na mitano inatiwa kwenye tungi la kioo, upepo unaivuruga kama mahindi na maharagwe ya githeri motoni, na sita inatolewa mmoja mmoja mbele ya kamera na wakaguzi. Haijalishi upi umetangulia. Ukipata tatu unalipwa kidogo, ukipata tano unalipwa vizuri, na ukipata zote sita unabeba kitita kikubwa, ambacho kisipopata mwenyewe hulimbikizwa hadi wiki inayofuata.

"Nambari gani imekaa sana bila kutoka, Mwalimu?" watu walipenda kumuuliza.

"Mpira hauna kumbukumbu," aliwajibu. "Haujui kama ulitoka wiki jana. Na kupata zote sita ni nafasi moja kwa zaidi ya milioni nane. Jumlisha watu wote wa Meru na Embu, hata nusu ya hiyo hawafiki."

Hiyo si lugha ya biashara, na mawakala wenzake walimcheka. Walimcheka zaidi kwa ajili ya sheria zake mbili. Ya kwanza, hukuondoka dirishani bila kugeuza tiketi, kuweka sahihi nyuma na kuandika nambari ya kitambulisho kwa kalamu ya wino, hata kama mvua inanyesha na foleni inanung'unika. Ya pili, tiketi isiyoshinda hukuitupa barabarani. Uliirudisha kwenye katoni iliyokuwa chini ya dirisha, nayo katoni ilichomwa mwisho wa mwezi. Wahuni wa stendi walimbatiza jina, Polisi wa Karatasi. Alilisikia na akajifanya hakulisikia.

Mteja wake wa kila Alhamisi alikuwa Mutugi, fundi wa mawe. Nusu ya hosteli za Nchiru zimejengwa na mikono yake, lakini yeye mwenyewe na mkewe Celina walikuwa wakipanga chumba kimoja cha mabati, na walikuwa wamehamishwa mara tano. Aliyekuwa akiuza ploti ndogo kule Kiirua alimwambia atamngojea mpaka mwisho wa mwezi wa tano, si zaidi. Mutugi alicheza tiketi moja tu kwa wiki, nambari zile zile, za milango ya vyumba alivyojenga: 4, 11, 19, 23, 32, 40.

Jumamosi moja ya mwezi huo ikatoka 40, kisha 4, kisha 23, 11, 38 na 32. Gatakaa aliandika nambari hizo kwa chaki kwenye ubao wake Jumapili baada ya kanisa, kisha akazisoma tena moja moja. Alizijua nambari za Mutugi kama anavyojua majina ya watoto wake. Tano kati ya sita. Ilikuwa pesa ya kununua ploti ile na kuanza msingi. Alikwenda nyumbani akiimba nyimbo za kanisa, na hana sauti.

Jumatatu asubuhi Mutugi alifika akiwa amevaa koti la harusi yake. Uso wake haukuwa wa mshindi. Aliweka kitu juu ya dirisha, kipande cha plastiki ngumu kinachong'aa, na ndani yake karatasi nyeusi tititi.

"Nimeilamineti, Mwalimu," alisema. "Si ni document? Title ya shamba tunalamineti, cheti cha ubatizo tunalamineti. Nilisema isiharibike. Kijana wa cyber akaipitisha kwa ile mashine, ikatoka hivi. Imekuwa black kabisa."

Gatakaa alikaa chini kwenye kreti ya soda. Ni kosa la mtu mwangalifu, na watu wa huku ni waangalifu kupita kiasi kwa karatasi. Lakini karatasi ya tiketi haina wino upande wa mbele. Maandishi yake hutokea kwa joto, na mashine ya kulamineti haina kitu ila joto. Alijaribu kuipitisha kwenye kisomeo cha mashine yake mara tatu. Haikusomeka.

"Imeenda, si ndiyo?" Mutugi aliuliza. "Niambie tu. Celina bado hajui."

Gatakaa alikasirika. Hakumkasirikia Mutugi, alikasirikia plastiki, mashine na joto lenyewe. Aliigeuza tiketi. Nyuma, chini ya plastiki, sahihi ya Mutugi ilikuwa hai, bluu kama siku ilipoandikwa, na nambari ya kitambulisho kando yake. Na pembeni kulikuwa na nambari nyekundu ambayo hakuna mteja huitazama wala kompyuta kuirekodi, iliyopigwa chapa kiwandani kwenye kila karatasi ya bunda kwa mfuatano. Yake iliishia na 619.

"Fundi, vua hilo koti," alisema. "Tunatafuta 618 na 620."

Walimwaga katoni yote sakafuni. Wauza mboga wakaja kutazama, wakidhani Mwalimu ameshikwa na wazimu, kisha wakapiga magoti kusaidia. Karimi wa sukuma wiki ndiye aliyepata 618, na kumbe ilikuwa yake mwenyewe, imepigwa saa kumi na dakika kumi na tano Alhamisi ile. Baada ya saa nzima 620 ikaonekana, imeng'ang'ania ganda la ndizi: saa kumi na dakika kumi na tisa. Zote mbili zilikuwa za mashine ya Gatakaa.

Ofisi ya kanda ilikuwa Meru mjini, upande wa Kinoru. Meneja, mama mmoja wa Embu aitwaye Ruguru, aliitazama plastiki akatikisa kichwa.

"Pole, Mwalimu. Tiketi ambayo haisomeki hatulipi."

"Soma kanuni ya kumi na nne," Gatakaa alisema, akatoa kitabu cha kanuni ambacho wakala mwingine yeyote angekuwa amekitumia kufungia chapati. "Tiketi iliyoharibika italipwa ikiwa yaweza kutambuliwa kwa njia nyingine isiyo na shaka. Haya. Mtambo wenu una rekodi ya kila tiketi niliyouza. Kati ya saa kumi na dakika kumi na tano, na kumi na dakika kumi na tisa, niliuza ngapi?"

Ruguru akabofya kompyuta. "Moja."

"Nambari zake?"

Ruguru akazisoma polepole, na kila moja Mutugi aliitikia kwa kutaja hosteli yake. Alipofika arobaini, meneja aliacha kusoma. Alishika ile plastiki, akalinganisha sahihi na kitambulisho, akapanga tiketi tatu mezani kwa mfuatano, 618, nyeusi, 620. Kisha akasimama akampa Mutugi mkono.

"Hongera, mzee," alisema. "Na wewe, Mwalimu, nitakuita uje uwafundishe mawakala wangu."

Mutugi alilia pale pale, bila aibu, na Gatakaa alifurahi hadi akasahau mwavuli wake ofisini. Siku nne baadaye pesa iliingia benki. Mwisho wa mwezi ulipofika, ploti ilikuwa na mwenyewe.

Mawakala wa Meru nzima sasa wanauliza sahihi kabla hujaondoka dirishani, na jina la Polisi wa Karatasi linatajwa kwa adabu. Mutugi hachezi tena. Alisema hana wakati, ana nyumba ya kujenga, na kwa mara ya kwanza hakuna wa kumharakisha.

Mwezi wa kumi na mmoja alimwita Gatakaa Kiirua. Celina alipika nyama. Nyumba ilikuwa imefika lenta, juu ya madirisha, na ukuta wa nyuma ulikuwa na plasta mbichi. Mutugi alimpeleka huko, akampa msumari.

"Weka sahihi, Mwalimu."

Gatakaa alicheka, kisha akaona Mutugi hacheki. Akaandika jina lake lote, kwa mwandiko ule wa ubaoni.

"Na nambari ya kitambulisho," Mutugi alisema.

Akaiandika yote, tarakimu kwa tarakimu.