Kitabu Kilichoanza na Moto

Juzi binti yangu alikuwa akitazama filamu ya katuni ya Kijapani, nikatambua nyuso za wahusika wa kitabu cha katuni tulichokuwa nacho utotoni, tulipoishi Kavimvira. Lakini filamu ilianza na familia ikila pamoja, ikaisha kijiji kikiungua.

Kitabu chetu kilikwenda kinyume. Alasiri moja risasi zililia upande wa mlima, na Papa alikuwa hajarudi kutoka Bwegera. Tulijificha chini ya kitanda, penye harufu ya gunia la ndagala, wale dagaa wakavu. Dada yangu mkubwa, Yaya Furaha, alinifungulia kitabu hicho, akanitafsiria Kifaransa chake polepole. Kitabuni moto ulizimika, waliokufa waliamka, wote wakakaa kula. Nikaamini vita huisha hivyo, nikalala.

Nilimpigia Yaya simu kulalamika kwamba filamu imeharibu hadithi. Akacheka kidogo.

“Vitabu vya Wajapani vinaanzia kule sisi tunamalizia. Iliandikwa pale kwenye ukurasa tuliofungulia, kwa Kifaransa.”

“Kumbe weye ulijua?”

“Minye nilijua. Lakini weye ulikuwa unauliza tu, Papa iko wapi.”

Papa hakurudi. Nikamwambia Yaya aksanti kwa ule usingizi.