Mama Mkwe Nyuma ya Tela

Isidore hubeba mizigo ya watu kati ya Kashuga na Kitshanga, kwa pikipiki inayovuta tela ya magurudumu mawili. Wateja humsifu kwa mambo mawili: mzigo wake hauanguki, na mdomo wake haufunguki. Hilo la pili ndilo lililomponza. Mkewe Falone alichoka kuishi na mwanaume wa "mm" asubuhi na "mm" jioni, akarudi kwao Kashuga.

Isidore alipokwenda kumrudisha, mama mkwe akatoa hukumu. "Tunaenda wote," akasema Mama Euphrasie. "Nikaone namna munaishi. Nikikuta mu ile nyumba hakuna maneno, ninarudi na mutoto wangu."

Basi Isidore akapakia maharagwe kama anavyojua: magunia juu ya ekseli, moja mbele kidogo, ili mkono wa tela uiegemee pikipiki. Kazi safi kabisa. Kisha Mama Euphrasie, mwanamke aliyeshiba mwili, akapanda na kujikalisha mwisho kabisa wa tela, mahali ambapo wapita njia wangemwona vizuri.

Tela ikainua pua. Isidore akaona. Mkwe haamrishwi, jamani, na uzito wake hautajwi hata kwa mafumbo! Akasogeza gunia moja mbele. Akasogeza la pili. Akafunga na jiwe huko mbele, wala halikusaidia kitu. Mama mkwe alikuwa anasalimia watu.

Kwenye mlima wa kwanza, palipokuwa na tope, gurudumu la nyuma la pikipiki likazunguka bure. Tela ikaanza kuyumba na kuwavuta nyuma, kuelekea bondeni. Falone, aliyekaa nyuma ya mumewe, akaruka chini.

"Mama!" Isidore akapiga kelele. "Mukuye mbele! Muko bazito! Uzito yote iko nyuma, mutatuua!"

Mama Euphrasie akatambaa juu ya magunia mpaka mbele. Gurudumu likashika ardhi, wakapanda, Falone akiwafuata kwa miguu. Huko juu Isidore alizima injini, akamgeukia mkwe wake kwa aibu.

"Mama, munisamehe..."

"Wacha! Usiharibu." Mama mkwe alikuwa ameshashuka, anajikung'uta tope. "Falone, huyu iko na mudomo. Mwende. Mi ninarudi kwangu."

Falone akapanda nyuma ya mumewe, akamshika kiuno.

"Na mimi, niko muzito?"

Isidore akawasha injini.

"Kuliko zamani," akasema, na Falone akacheka mpaka pikipiki ikatikisika.