Firigisi ya Mkwe na Dramu za Koboko

Kusema kweli hii habari nilitaka nife nayo, lakini kwa kuwa nusu ya mji wa Koboko wanaijua na nusu ya Arua wamesimuliwa vibaya (wengine wanasema niliiba kuku), bora niieleze mwenyewe, mnicheke kwa mambo niliyoyafanya kweli.

Mimi ndiye mpiga dramu wa kwaya yetu hapa Arua. Seti tuliyokuwa nayo ilikuwa ya bati tupu, ukiipiga kwa nguvu mchungaji anakunja uso, basi kwaya ikachanga na kiongozi wetu, Candia, akanikabidhi bahasha akasema nitafute kitu cha maana. Pesa zilitosha seti moja kuukuu, na hata hiyo kwa kubembeleza. Mimi nikajitapa mbele ya kwaya nzima kwamba kuukuu si tatizo, dramu zilizotengenezwa Japani zamani hizo ukizipata zitakuzika wewe na wajukuu wako, na mimi nazijua kwa kuzigusa tu. (Nilikuwa nimetazama video tatu kwenye simu.)

Seti zikapatikana mbili. Ya kwanza ilikuwa hapa hapa Arua, kwa mwalimu mstaafu aliyewahi kupiga kwenye bendi ya dansi. Nyekundu, inang'aa, kibandiko cha Japani kipo, mpaka nikameza mate. Lakini nilipochukua uzi nikapima mdomo wa dramu ya besi huku na huku, upande mmoja ulizidi mwingine kwa upana wa kidole, maana yake imepinda, na iliyopinda ngozi yake haikazi sawasawa hata ufanyeje. Mwalimu naye hakutaka kushusha bei. Nikamwambia nitarudi, nikapanda gari la Koboko kwenda kuona ya pili, nimevaa koti langu la Jumapili ili nionekane mnunuzi wa kweli.

Hiyo ya pili ilikuwa ya Mama Sauda, mjane wa sajenti aliyekuwa mpiga dramu katika bendi ya jeshi. Alinipokea vizuri, akanitolea seti chumbani, ya buluu yenye vimetameta vilivyoanza kubanduka. Kwa macho ilishindwa na ile ya mwalimu, lakini nilipochungulia ndani nikaona mbao safi, pete ya mbao ya kuzuia isipinde imegundishwa mdomoni pote, na kibao kidogo cha shaba kinasema imetengenezwa Japani. Nikapima kwa uzi, duara kamili. Mama Sauda akasema pedali ya mguu iko dukani kwa kaka yake, anaifuata. Akaniambia, "Wewe ngoja. Usipige mpaka mimi narudi."

Ningengoja, nisingekuwa na hadithi. Lakini zile dramu zilinikodolea macho nami nikazikodolea, nikajiambia nionje kidogo tu, kisha nikajiambia chumba kinadanganya sauti, dramu hupimwa nje, basi nikabeba moja moja mpaka uwanjani, nikazipanga chini ya jua, nikaketi, nikaonja. Sauti iliyotoka, ndugu zangu! Nilisahau nilipo. Nikapiga mapigo ya kuingilia kanisani, nikaongeza yale ya sikukuu, na kabla sijamaliza nikasikia vigelegele ng'ambo ya ua.

Sasa mimi, mtu mwenye akili zangu, nilifikiri wananishangilia mimi. Nikazidisha. Wanawake wakatokea mlangoni mwa ua wanacheza, nyuma yao wazee wawili wenye kanzu, mmoja akanishika mkono kwa heshima, akauliza, "Wewe iko mutu ya dramu?"

Nikamjibu kwa fahari, "Ndiyo mzee, mimi iko mutu ya dramu."

Basi nikaongozwa hadi boma la jirani. Huko kulikuwa na turubai, mikeka mipya, watu wamevaa vizuri, nikanawishwa mikono na kuketishwa mbele kabisa. Nikawaza, ama kweli watu wa Koboko wanajua kukaribisha wanunuzi. (Ni kweli niliona maua. Nilifikiri labda wanapenda maua.) Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na mbele yangu likawekwa sinia la wali na kuku, na juu ya kuku, peke yake, firigisi. Mtu yeyote wa huku anajua firigisi ni ya mgeni wa heshima kama mkwe, haipewi mtu hivi hivi. Nilipaswa kuuliza. Nikaila.

Nilikuwa bado naitafuna gari likasimama nje na watu kama ishirini wakashuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, wakiomba radhi kwamba malori yalifunga barabara ya Oraba, kule mpakani, na gari lililobeba dramu zao bado limekwama huko. Hao ndio walikuwa wakwe. Walikuwa wamekubaliana na Mzee Taban, baba wa binti, kwamba watu wao wa dramu watatangulia kutangaza posa, na mimi, kwa koti langu na mapigo yangu, nilikuwa nimekwisha kuitangaza posa isiyonihusu.

Mshenga wao akaketi karibu nami. Mzee Taban akatazama sinia, akatazama mdomo wangu, akatazama wageni.

"Basi wewe," akauliza taratibu, "iko mutu ya nani?"

Nikameza. "Mimi nilikuja tu kununua dramu, mzee."

Mshenga hakucheka. Alisema kwao mkwe akikuta sinia limeliwa anageuza gari, na nikaona mama wa binti ameshika kichwa, na binti mwenyewe anachungulia dirishani, macho yamejaa machozi. Hapo ndipo aibu iliponiingia kweli, kwa sababu ile haikuwa aibu yangu tena, ilikuwa siku yake yeye. Nikapiga magoti mbele ya mshenga, nikamwambia kosa ni la tumbo langu na mikono yangu, nyumba hii haina kosa, na kama dramu zao zimekwama Oraba nitawapigia mimi, waingie upya kama ndiyo kwanza wanafika.

Shangazi mmoja mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na mshenga akashindwa kujizuia. Wakakubali. Kuku mwingine akachinjwa, wakwe wakarudi kwenye gari.

Nilipotoka kurudi kwenye zile dramu nikamkuta Mama Sauda amesimama, pedali mkononi, ananitazama tu. Alipiga magoti akaifunga pedali mwenyewe, akaikaza skrubu kwa ncha ya ufunguo, haraka, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi kwa ajili ya mumewe. Nikapiga mpaka alasiri, na hata ngozi moja haikulegea. Binti alitoka nje akacheza.

Mama Sauda akazichukua pesa zilizokuwa kwenye bahasha bila kubishana. "Chukua," akasema. "Lakini ukiambiwa ngoja, ungoje."

Nilifika Arua na dramu zimefungwa juu ya gari, nikijipanga nitaeleza nini na nitaficha nini, kumbe mtu alinirekodi kwa simu kule posani na video ilishatangulia. Candia alinipokea stendi, hakuuliza habari ya Japani, aliuliza kama firigisi ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Kwa hiyo nimeapa. Dramu ya mtu siigusi mpaka mwenyewe aniambie piga, na nikikaribishwa mkekani nauliza kwanza shughuli ni ya nani. Firigisi nimeiacha kabisa. Hata nyumbani nampa mke wangu, naye hajawahi kunishawishi nibadilishe msimamo.