Mlenda wa Joyceline

Niseme ukweli, maana mtaa mzima hapa Makuyuni unaujua: Joyceline nilimwonea wivu mpaka nikakonda. Mimi Mwantumu nimetia vitambaa rangi miaka kumi na minane. Batiki ya nta, kwa mikono yangu hii, na kucha zina bluu mpaka leo. Yeye ni Mhaya, alipanga chumba jirani na kwangu akiwa hajui hata kupika mlenda. Nilimfundisha mimi. Na kila nikionja wa kwake, nacheka.

"Wewe! Mlenda bila chumvi wala magadi! Hiyo mboga au maji ya kuteleza?"

Naye anacheka tu.

Basi mwaka huu akaibuka na vitambaa vya mawimbi, rangi zimepinda zikapishana, kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Wateja wangu wakapita kamba yangu ya vitambaa bila kugeuka, wakaenda kusimama kwake. Nikajikaza. Ila siku binti yangu Ikram, mtoto wangu wa pekee, aliposema anataka sare za harusi yake zitoke kwa anti Joyceline, roho iliniuma jamani, nisidanganye.

"Na mimi mama yako je?"

"Mama, za kwako nzuri. Ila hizi ndizo zinazoenda na wakati."

Zinaenda na wakati! Nikamwomba wiki moja, nimtengenezee hizohizo. Kwenda kumwuliza Joyceline? Thubutu! Nikachungulia kwenye uzio wa mabua. Nikamwona na beseni lake, ndani mna kitu kizito kinavutika. Anadondosha rangi, zinaelea. Anazichora kwa njiti, analaza kitambaa juu, anakiinua, mawimbi yameshika. Kile kitu nikakitambua palepale. Mlenda! Mboga niliyomfundisha mimi mwenyewe!

Mbio jikoni. Nikaupika mlenda kama tunavyoupika kwetu Wazigua, magadi yake, chumvi yake, ukavutika hasa. Nikauchuja, nikaupoza, nikadondosha rangi. Zikazama. Nikapika mwingine. Zikazama tena, zikaganda mabonge chini ya beseni. Siku tano nilimwaga mlenda uani, mpaka kuku wangu wakawa na midomo ya zambarau.

Siku ya sita Joyceline akapiga hodi. Kuku walikuwa wameshanisema.

"Da Mwantumu, unatia chumvi?"

"Kwani kuna mlenda usiotiwa chumvi?"

"Wa kwangu," akajibu, kwa ule upole wake unaoudhi. "Ule uliokuwa ukiucheka. Chumvi na magadi ndivyo vinavyozamisha rangi. Njoo nikuonyeshe."

Nikamwambia nina kazi.

Wiki ikaisha, sare zikatoka kwake. Siku ya harusi, wifi yangu kutoka Kwedizinga akashika gauni langu la sare, akaligeuza huku na huku.

"Wifi, mkono wako hauzeeki! Kazi yako hii?"

Joyceline alikuwa ubavuni kwangu, kashika sinia la pilau.

"Yangu," nikasema.

Ikram, amekaa pale na hina yake, akanitazama, kisha akainamisha uso. Nikamgeukia Joyceline. Nilikuwa tayari aniumbue mbele ya watu, na majibu nilikuwa nayo mdomoni.

"Ni yake," Joyceline akamwambia wifi. "Mimi nilijifunzia jikoni kwake."

Akaendelea kugawa pilau. Heri angenitukana.