Fomati Niliyomfundisha Baba

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za maofisini. Watu wakishajua hivyo huniletea simu zao zilizokwama na flashi zao zenye virusi, nami huwasaidia bila kinyongo. Ni nyumbani kwetu tu nilikoshindwa kusaidia, na sikushindwa kwa kukosa ujuzi.

Mama alirekodiwa mara moja tu maishani mwake akihutubia watu. Ilikuwa siku ya kwanjula ya dada yangu, siku ukoo wa mchumba ulipokuja kwetu Bwaise kujitambulisha. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimegombana na mama juu ya mwanamke niliyekuwa nikiishi naye, nikaapa sikanyagi pale, na kiapo hicho cha kijinga nikakitimiza. Jioni ile shangazi alinipigia simu akaniambia mama alisimama mbele ya wageni akiwa na gauni lake jipya la gomesi, akanitaja. Sikuuliza alisema nini, maana nilikuwa bado nimenuna. Baada ya wiki sita mama akafa kwa presha, hatujapatana.

Kilichobaki ni kadi ndogo ya kamera. Baba ni polisi mstaafu kutoka kaskazini, mtu aliyetulea kwa Kiswahili cha kambini pale Nsambya, na mpaka leo hicho ndicho tunachosemeshana. Aliichomeka kadi kwenye kompyuta kuukuu niliyomwachia. Picha ikaja, sauti ikakataa. Mama alikuwa akifungua mdomo na kuufunga.

"Kompyuta yako imenyamazisha mama yako," baba aliniambia kwenye simu.

Nilikwenda Jumapili, na kosa nililiona papo hapo: kamera ilihifadhi sauti kwa namna ambayo mashine ile ya zamani haikuijua. Ilikuwa kazi ya dakika kumi kwenye kompyuta yangu. Badala ya kuifanya, nikatoa mhadhara. Nilimweleza baba kwamba faili ya aina ya AVI itakuwa nzito na itajaza diski, kwamba MKV itadai programu nyingine, kwamba MP4 ndiyo inayocheza kila mahali. "Video ni nzima, baba. Shida ni fomati. Fomati tu." Nikamkataza hata kuinakili kwenye kompyuta, eti nafasi ni ndogo, tutainakili mara moja ikishakuwa sawa. Nikaahidi kurudi wiki ijayo.

Sikurudi. Niliogopa kumsikia, huo ndio ukweli, ila kwenye simu nilisema kazi zimenizidi. Baba aliuliza kila wiki, "Ile fomati imefika wapi?" kama anafuatilia faili ya kesi. Nilimwona mzee aliyemkumbuka mkewe na kuamua kunisumbua mimi. Alinikera, na nilimjibu kama mtu anayenikera.

Mwisho akaipeleka kadi mwenyewe library. Kwetu Kampala library ya aina hii haina vitabu. Ni kibanda cha filamu: unapeleka kadi yako, wanafuta vilivyomo, wanakujazia filamu zilizotafsiriwa kwa Kiganda. Kufuta huko ndiko wanakoita kufomati. Baba alivaa koti lake, akasimama kaunta, akatamka neno nililomfundisha.

Aliniita siku hiyo hiyo. Nilikuta ameniwekea kiti mbele ya kompyuta. Nilipofungua kadi, mwanamume mmoja aliruka ukuta na bunduki mbili, na mtafsiri akawa anapiga kelele za Kiganda juu yake. Nikafungua nyingine, na nyingine. Zilikuwa filamu kumi na nane, kadi imejaa pomoni. Nilijaribu programu zote ninazotumia kuokoa mafaili ya wateja. Nilipata vipande vya filamu zile zile. Mama hakuwemo.

Nilikwenda kwenye kile kibanda kugombana. Mwenye kibanda ni mwanamke wa Kinubi, mtulivu, aliyeniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Nilimuuliza mzee mara mbili," alisema. "Nikamwambia, tukifomati, hii yote inaenda. Akasema ndiyo, yote. Akasema mtoto yake amesoma kompyuta, ndiye alisema ni fomati tu."

Nilitoka, nikampigia shangazi palepale barabarani, nikamuuliza mama alisema nini juu yangu siku ile. "Aliongea vizuri, bannange, jamani, vizuri sana," alisema, na nilipombana hakuwa na zaidi ya hapo. Dada naye hakumsikia: mama alipokuwa akiongea, yeye alikuwa bado amefichwa chumbani na wasichana wenzake, kama desturi inavyotaka, na nje kulikuwa na muziki.

Nilirudi kwa baba nikamwambia kadi ilikuwa mbovu, imekufa yenyewe. Amesikiliza waongo maisha yake yote kwenye kaunta ya polisi. Alinitazama kidogo, akaniachia uongo wangu.

Nilijikaza nikamuuliza yeye mama alisema nini.

"Mimi nilikuwa kwa soda," alisema. "Nagawia wageni. Nilisikia jina yako tu, nikasema haina shida, kamera iko inashika." Akakiangalia kile kiti. "Nilitaka wewe usikie yote, halafu uniambie."